Kasa Aliyekataa Kuzama

Hifadhi ya Kasa, kisiwani
6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, maana barua hii haisomwi na mtu aliyesimama.

Tangu tung'oe nanga safari hii tumepita visiwa saba, na mimi nimeshuka katika vyote saba, hata kile ambacho hakina kitu ila ndege na kinyesi chao. Mashua yetu ni ya matanga mawili, nyeupe kama shuka zako zikitoka kuanikwa. Mwenye mashua ni mzee mstaafu, yeye na mkewe, na kwa karatasi yeye ndiye nahodha. Kwa vitendo nisiseme sana. Juzi nilimwambia, "Mzee, upepo huu utageuka." Upepo ukageuka! Tangu hapo ananitazama kwa jicho jingine. Kupika bado napika, lakini ni kwa huruma tu, maana mkewe akishika sufuria tutakwisha sote kabla miamba haijatufikia.

Sasa sikia tulipofika. Hapa wanalea kasa wagonjwa. Mimi nilidhani kasa ni kobe aliyepotea njia. Dada, kobe ni mende mbele ya kasa! Kuna matangi kumi na mawili ya saruji, yamepangwa kama wodi za hospitali yako, kila mgonjwa na kibao chake: huyu kameza nailoni, huyu kanaswa na wavu, huyu kapoteza pezi la kushoto. Daktari wao ni mama mfupi, mkali, muda wote yumo ndani ya buti za mpira, na anawaongelesha kasa vizuri kuliko anavyotuongelesha sisi.

Asubuhi walitoa vifaranga wachanga kwenye ndoo, wakawaweka mchangani, hatua kama thelathini kutoka kwenye maji. Wewe unanijua, moyo wangu ni laini. Nikamwokota mmoja nimfikishe. Daktari akanichapa kofi mkononi. "Mweke chini! Ukimbeba hatajua pa kurudi." Anasema kifaranga lazima atambae kwenye mchanga ule mwenyewe, ndipo atakapoukumbuka akiwa mkubwa, hata ipite miaka ishirini. Nikamweka chini. Nilimsindikiza kwa macho mpaka wimbi likamchukua, na nikajikuta nampungia mkono kama mjinga.

Tangi la mwisho lina kasa jike mkubwa kama meza ya kupigia pasi. Aligongwa na boti, hewa ikanasa chini ya gamba, na sasa matako yako juu hayashuki. Hawezi kuzama hata akitaka. Chakula kikienda chini anakitazama tu. Wanamwita Boya. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaacha kucheka, sijui kwa nini.

Keshokutwa tunaondoka. Tutazungukazunguka visiwa vya jirani miezi miwili mitatu, kwa hiyo niandikie kwa anuani ya hifadhi hii. Boti yao ya mahitaji huleta posta kila Jumanne, na sisi tutakuwa tunapita kuchukua.

Chumba changu usimpe mtu. Niliwaambia mtaa mzima kwamba nitarudi nahodha, na mimi nikisema nimesema.

Mkono wa kuume wa nahodha,
mdogo wako,
Domo


Nyumbani
20 Februari

Mdogo wangu Domo,

Marahaba. Nilikaa chini kama ulivyoagiza, nikasimama, nikakaa tena.

Barua yako niliisoma kwa sauti kule dobi la hospitali, wakati wa mapumziko, tukiwa tumekalia marobota ya shuka. Yule mpiga pasi mnene alicheka mpaka akaunguza mto. Wanataka kujua kama huyo Boya ameolewa.

Chumba chako nakifagia kila Jumamosi. Viatu vyako vyeusi nimevijaza magazeti visikunjamane. Nyumba yenyewe imeanza kuwa na sauti zake. Bomba la uani linadondosha matone siku nzima, na juzi nimejikuta nalijibu.

Sasa nisikilize vizuri. Mama mwenye nyumba ameniita. Anasema chumba kimefungwa mwaka wa tatu huu, na kuna muuguzi anahitaji pa kukaa, mizigo yake ameitawanya kwa ndugu. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Sitaki hadithi, nataka neno moja: unarudi au hurudi? Ukisema unarudi, nitasimama mlangoni na mwiko, hataingia mtu. Ukisema hurudi, nitajua.

Neno moja tu, Domo. Najua ni kazi ngumu kwako.

Na ule mguu unaoteleza ukivaa kandambili, uangalie.

Dada yako


Kisiwa cha tisa, jina lake refu, sitaki kukuchosha
5 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia katikati ya bahari, yaani karibu na katikati.

Tumepigwa na dhoruba. Mawimbi yalikuwa kama ghorofa zimelewa. Mzee alijifungia chini, mkewe akashika miguu yangu, na mimi nikashika usukani saa sita mfululizo bila kunywa hata maji. Mwisho mzee akapanda juu, uso umemsawijika, akaniambia, "Kijana, mashua hii ni yako kuliko yangu." Nikamwambia, "Mzee, usilie, kalale."

Waambie wenzako wa dobi kwamba Boya hajaolewa. Ila ana makuu. Alhamisi waliweka kabichi na ngisi, akala ngisi, kabichi akaisukuma kwa pua mpaka pembeni ya tangi, kama wewe unavyosukuma bamia. Daktari ameanza kumgundishia vipande vya chuma juu ya gamba, upande wa nyuma, apate uzito wa kuzama. Kimoja kwanza. Amekaa nacho siku tatu na bado anaelea. Usiku akitaka kugeuka anagonga ukuta wa tangi, gu, gu.

Kuhusu chumba, mwambie mama mwenye nyumba asimkimbize nahodha. Nahodha hakimbizwi.

Nahodha msaidizi,
Domo


Kisiwa kingine tena, mbele zaidi, siku mbili kutoka hifadhini
19 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijapata barua yako bado, lakini mkono unaniwasha.

Hiki kisiwa ni cha matumbawe matupu, kizuri mno, maji unaona mpaka chini. Tumetia nanga kwenye ghuba na nahodha wa meli moja kubwa alikuja kwetu akiwa na sare nyeupe, akaomba ushauri. Nikampa. Aliandika kwenye daftari.

Kazi yangu sasa zaidi ni ya kukaa. Usukani ni kazi ya kukaa, watu hawajui. Mtu unakaa siku nzima unatazama maji. Mchana watu wote wanakwenda kwenye kazi zao na mimi nabaki na maji. Hayana maneno mengi, maji. Juzi nilimsimulia mtu mmoja hapa ile hadithi yangu ya injini niliyoitengeneza kwa kijiko. Akaniambia ameshaisikia. Nikamuuliza, kwa nani? Akasema, kwako, mara mbili.

Boya ana vyuma viwili sasa. Matako yameshuka kidogo, upana wa vidole vitatu, nimepima mwenyewe kwa fito. Wengine wanasema ni macho yangu.

Dada, wewe ukifunga kazi jioni, unakula na nani?

Hilo ni swali tu. Usifikiri ni kitu.

Nahodha (karibu),
Domo


Nyumbani
2 Aprili

Mdogo wangu,

Nilitaka kusubiri uniambie mwenyewe, lakini naona utafika kisiwa cha mia.

Nimefanya kazi ya dobi miaka ishirini na sita. Kila shuka ya hospitali ina alama yake pembeni: wodi gani, mwaka gani, imefuliwa na zamu ipi. Watu huiona shuka nyeupe, mimi naona alama. Sasa wewe unaniletea bahasha. Nyuma yake, zote tatu, kuna muhuri wa wino wa bluu: picha ya kasa, jina la hifadhi, na tarehe. Ungeniambia mashua ilipita hapo kuposti, ningekubali. Lakini tarehe 19 Machi ulikuwa kwenye matumbawe, siku mbili kutoka hapo, na nahodha mwenye sare anaandika ushauri wako. Muhuri unasema tarehe 19 Machi barua ilikuwa juu ya meza ya hifadhi.

Halafu unapima matako ya kasa kwa fito. Fito hiyo ina urefu gani, Domo, inafika kutoka kisiwa kingine?

Hujaondoka hapo. Sijui kwa nini, na kinachoniuma si uongo, nimekulea, uongo wako naujua kama nguo zako. Kinachoniuma ni kwamba kuna jambo limekupata na umeona afadhali unipe dhoruba.

Nilijua tangu ile ya Machi 5. Nikanyamaza. Nilikuwa nasema, akijua nimejua ataacha kuandika, na barua ya uongo ni barua. Inaletwa mlangoni, mtu anabisha hodi.

Mimi pia nina la kwangu. Dobi lilifungwa Agosti. Walileta mashine kubwa kwenye jengo jipya, wakabaki na vijana wawili wa kubonyeza vitufe, sisi wengine tukapewa soda na mkono wa kwaheri. Barua zako nazisoma kwa sauti kweli, lakini nazisoma jikoni. Yule mpiga pasi mnene yupo duniani, ila sijamwona tangu siku ile ya soda. Mto haukuungua. Umeuliza nakula na nani. Nakula na bomba.

Chumba nimekitoa. Muuguzi aliingia jana na masanduku mawili na feni. Sikufanya kwa hasira. Nilikuwa nafagia Jumamosi nikaona: chumba hiki kinamsubiri nahodha. Kila nikikifagia naongeza deni lako la kurudi nahodha. Labda nilikubeba mno ulipokuwa mdogo, yule daktari angenichapa kofi mimi.

Viatu vyako viko kwangu.

Niambie kilichokupata.

Dada yako


Hifadhini
14 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Nimekwenda kumuuliza karani wa hifadhi. Kumbe kila bahasha inayotoka hapa anaigonga muhuri kwa nyuma, ni kawaida yao. Mimi nilikuwa nampitishia barua dirishani na kumwambia asante. Nimesafiri visiwa vyote hivyo na kasa mgongoni.

Haya. Tarehe 8 Februari, asubuhi, ndiyo siku tuliyokuwa tunaondoka. Nilikuwa napandisha gunia la vitunguu kwenye ngazi ya gati, huku namsimulia mlinzi jinsi nilivyowahi kubeba magunia mawili kwa mpigo. Nikakanyaga hewa. Nilivaa kandambili, ndiyo, usiseme. Mguu umevunjika mahali pawili. Daktari wa kasa ndiye aliyeufunga, alisema mfupa ni mfupa. Jumanne tabibu akaja na boti, akautazama, akasema hana la kuongeza.

Mwenye mashua alinishika bega, akasema hali ya hewa inawakimbiza, watarudi baada ya wiki mbili. Mkewe alilia kweli. Nikasubiri. Wiki ya pili boti ya mahitaji ikaleta begi langu, walilituma kutoka bandari ya mbele. Nikalifungua. Juu kabisa ilikuwa aproni yangu, imefuliwa, imekunjwa mraba. Hapo ndipo nilipojua. Mtu anayerudi kukuchukua hafui aproni yako.

Nahodha msaidizi hakuwapo, Dada. Nilikuwa mpishi. Usukani niliushika mara moja, mzee alipokwenda chooni, na alitoka haraka.

Hapa wamenipa stoo ya kulala, pana nyavu kuukuu na mifuko ya chumvi. Ukuta wangu ndio ukuta wa tangi la Boya. Mchana natembea na mkongojo mpaka jikoni, nakata ngisi na kabichi. Mimi ndiye mpishi wa kasa. Wateja wazuri, hawajawahi kurudisha sahani, ila huyo mmoja na kabichi yake. Watu wa hapa ni wema. Lakini kila mtu ana kazi yake na lugha ya kazi yake, na hadithi zangu zote zilikwisha ndani ya mwezi mmoja. Nilianza kuzirudia. Sasa nikifungua mdomo naona wanatazama mahali pengine.

Ningekuandikia ukweli tangu mwanzo, lakini nilikaa na kalamu nikaona mtaa mzima umesimama mlangoni kwako, nami nashuka na fimbo na begi moja. Nikaandika dhoruba.

Nikwambie kitu cha Jumamosi. Wengine wote walikuwa ufukweni wanahesabu viota. Mimi na Boya tu. Ana vyuma vitatu sasa. Nikatupa ngisi, kipande kikaenda chini kama kawaida, naye akakitazama kama kawaida. Halafu akainamisha kichwa. Dada, matako yakashuka. Yakashuka, yakaingia ndani ya maji, akaenda. Nilishika ukingo wa tangi na kuhesabu, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilifika thelathini na saba. Akapanda na ngisi mdomoni, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachelewa.

Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Wakaja mbio. Wakamkuta anaelea, matako juu. Nikawaambia. Mlinzi akasema, "Na upepo je, umeugeuza tena?" Wote wakacheka. Daktari hakucheka. Alinipapasa begani, taratibu, kama anavyowapapasa wale wasiopona. Hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Nimekaa kando ya tangi Jumapili, na jana, na leo. Hajarudia.

Kwa hiyo mto haukuungua? Limeniuma hilo kuliko mguu. Nilikuwa nawaza jinsi wanavyocheka pale kwenye marobota, nikawa naongeza chumvi kwa ajili yao.

Chumba sikidai. Umefanya sawa. Naomba jambo moja tu, nalo sina ushahidi wake. Alizama. Nilimwona. Hakuna mtu hapa duniani anayeniamini, na nimewapa sababu, najua. Lakini alizama.

Mdogo wako


Nyumbani
25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua hii niliisoma kwa sauti jikoni, na safari hii kulikuwa na msikilizaji. Muuguzi alikuwa anasubiri birika lichemke. Alicheka kwenye vitunguu. Kwenye aproni alizima jiko, akakaa. Nilipomaliza akaomba nimsomee zile za dhoruba, kwa hiyo mawimbi yako ya ghorofa yamepata mtu. Anasema mguu uliovunjika pawili lazima upigwe picha ya eksirei, hata kama aliyeufunga ni daktari bingwa wa kobe. Nikamwambia asirudie kusema kobe mbele yako.

Kitanda chako nimekileta chumbani kwangu, upande wa dirisha. Hakikupita mlangoni. Seremala amekikata miguu. Mtafanana.

Tabibu anasema lini unaweza kusafiri? Ukiweza, panda boti ya Jumanne ya kwanza. Nitakuja gatini mwenyewe, sina zamu ya kuwahi. Mtaani wakiniuliza nahodha yuko wapi, nitawaambia sijui, aliyekuja ni mpishi. Na wakikutazama fimbo, waache watazame. Watazame mpaka wachoke, kisha wataondoka, na sisi tutaingia ndani tule. Bamia sitapika.

Bomba la uani muuguzi amelifunga kwa kipande cha mpira. Nyumba imekuwa kimya ajabu, uje uongee.

Kuhusu Boya. Nimeliweka mwisho ili niliandike nikiwa nimetulia. Alizama. Nakuamini. Nimekulea, Domo, hesabu zako nazijua: ungekuwa unadanganya, ungeandika mia tatu.

Dada yako